Jina Astrid limetoka wapi, na linamfaa mjukuu wa Bukoba?

Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu aliye njiani.

Umeeleza kwamba binti yako anaishi Göteborg, ameolewa na kijana wa Kiswidi, na wawili hao wameshakubaliana kwamba mtoto wa kike wanayemtarajia ataitwa Astrid. Wewe uko Bukoba, mkweo unampenda, ila mzee mmoja wa usharika amekutia hofu. Amekwambia jina hilo ni la miungu ya kipagani ya Wazungu wa kaskazini. Sasa unataka kujua limetoka wapi hasa, kama kweli lina upagani ndani yake, na kama ni jina la heshima au ni fasheni itakayopita mtoto akiwa bado hajaanza shule.

Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu majina ya kale ya Skandinavia ndiyo kazi yangu na hili ni mojawapo ya yale ninayoyapenda zaidi. Lakini ili usisome huku roho iko juu, nianze na hili: Astrid ni jina lililokwisha kutimiza miaka elfu moja. Wamelibeba wanawake waumini, malkia wa Kikristo, na mabibi wa kawaida wa vijijini ambao hakuna aliyewaandika popote. Leo Uswidi linahesabiwa kuwa jina la bibi mzaa bibi lililorudi kwa kishindo. Mkweo na binti yako hawajaokota jina barabarani.

Sasa asili yake. Zamani, kabla Kiswidi, Kinorwei, Kidenmark na Kiiceland havijaachana, watu wa kule walizungumza lugha moja ambayo wasomi huiita Kinordi cha kale. Katika lugha hiyo jina lilikuwa Ástríðr, na limeunganishwa kutoka vipande viwili. Kipande cha pili ni fríðr, maana yake mzuri, mwenye sura ya kupendeza. Kipande hicho utakikuta kwenye majina mengine mengi ya wanawake wa huko: Ingrid, Sigrid, Gudrid, Turid. Ile "rid" ya mwisho ndiyo hiyo hiyo. Ukiijua, unatambua mara moja kwamba jina ni la mwanamke wa Kinordi, kama wewe unavyosikia Kokugonza au Kokutona ukajua bila kuuliza kwamba anayeitwa ni mwanamke wa Kihaya.

Kipande cha kwanza ndicho kilichomtia wasiwasi mzee wenu, na lazima niwe mkweli: hajasema uongo. Ni áss, neno lililomtaja mmoja wa ukoo wa miungu walioabudiwa huko kabla ya Ukristo, akina Odin na Thor. Kwa hiyo ukilifungua jina kwa herufi, unapata kitu kama "mzuri wa kimungu". Utakutana pia na watu wanaodai kwamba limetokana na ást, yaani upendo. Ni maelezo matamu, lakini si sahihi. Ile "t" iliingia kwa sababu ya ulimi tu. Sauti "f" ya kipande cha pili ilipodondoka, "s" na "r" zikabaki zimegusana, na ulimi unapotoka kwenye "s" kwenda kwenye "r" hujipenyezea "t" wenyewe bila kuombwa.

Je, hiyo inafanya jina kuwa la kipagani? Hapa natofautiana na mzee wenu moja kwa moja, na nina sababu.

Ya kwanza ni namna majina hayo yalivyotungwa. Wazee wa Skandinavia hawakukaa kutunga sentensi ya sala kila mtoto alipozaliwa. Walikuwa na hazina ya vipande, na mara nyingi walichukua kimoja kutoka jina la ndugu wa upande mmoja na kingine kutoka upande wa pili, ili mtoto aonekane ni wa ukoo. Baba akiitwa Asmund na mama Sigrid, binti yao anaweza kabisa kuwa Astrid: amechukua mwanzo wa baba na mwisho wa mama. Aliyelitaja jina hilo uani hakuwa akiita miungu. Alikuwa akitaja ukoo.

Ya pili utaielewa kuliko mtu yeyote anayesoma jibu hili. Wahaya wa kale walimjua Mugasha kama mwenye ziwa na dhoruba, na walimtolea sadaka. Leo wangapi huko Kagera wanaitwa Mugasha, wamebatizwa, wanaimba kwaya, na hakuna mchungaji anayewazuia kukaribia meza ya Bwana? Jina limebaki kuwa la ukoo, ibada ya ziwa imekwenda zake.

Ya tatu ni ya kanisani kabisa. Lile neno áss lina ndugu zake katika lugha za jirani. Kwa Kiingereza cha kale lilikuwa ós, na ndilo lililoanza jina Oswald. Kwa Wajerumani wa kale lilikuwa ans, na ndilo lililoanza jina Anselm. Oswald alikuwa mfalme wa Northumbria aliyeeneza Ukristo katika nchi yake na kuuawa vitani katika karne ya 7, akahesabiwa mtakatifu. Anselm alikuwa askofu mkuu wa Canterbury kuanzia 1093 hadi 1109, mmoja wa wanateolojia wakubwa wa zama zake, naye ni mtakatifu. Tanzania tuna akina Oswald na akina Anselm wengi, baadhi yao mapadre, na sijasikia mtu akiwaambia wabadili majina. Anayemkatalia mtoto jina Astrid kwa sababu ya kipande kile, itabidi awakatalie na hao.

Lakini mimi naona hoja nzito kuliko zote ni wanawake wenyewe waliolibeba jina hili, hasa wakati ule nchi zao zilipokuwa zinaingia katika Ukristo. Nitakusimulia watatu.

Kaskazini ya Stockholm, mahali panapoitwa Broby katika eneo la Täby, yapo mawe makubwa yaliyochongwa kwa runi, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini. Yalisimamishwa katika karne ya 11. Moja kati yao linasema, nikilitia kwa Kiswahili, kwamba Astrid aliagiza mawe haya yasimamishwe kumkumbuka Eystein, mume wake, aliyekwenda Yerusalemu na kufia Ugiriki. Wasomi wengi wanaona kwamba Eystein alikuwa mwenye kuhiji. Hebu lifikirie hilo. Mtu wa Uswidi, wakati ambapo nchi yake ilikuwa ndiyo kwanza inasikia Injili, anafunga safari hadi Nchi Takatifu, harudi, na mjane wake anachongesha habari zake kwenye jiwe ambalo bado lipo na linasomeka. Jina la kwanza kwenye maandishi hayo ni la mama huyo. Vitabu vya Uswidi siku hizi humwita Estrid, ambayo ni sura ya Kiswidi ya jina hilo hilo.

Wa pili alikuwa Norwei, na habari zake zimehifadhiwa na Snorri Sturluson, Mwaisilandi aliyeandika historia za wafalme wa Norwei katika karne ya 13. Huyu Astrid alikuwa mke wa mfalme mdogo aitwaye Tryggve. Mumewe aliuawa yeye akiwa mjamzito, akakimbia, na kwa mujibu wa Snorri alijifungua mtoto wa kiume kwenye kisiwa kidogo ziwani, mahali alipojificha. Walipokuwa njiani kwenda kwa kaka yake upande wa Urusi ya leo, walitekwa baharini na maharamia kutoka Estonia. Mama na mtoto wakatenganishwa na kuuzwa utumwani. Miaka mingi baadaye, mfanyabiashara wa Kinorwei aitwaye Lodin alifika kwenye soko la watumwa huko Estonia akamkuta mwanamke aliyekonda, amepauka, nguo zake zimechakaa. Alipomsogelea akamtambua: ni Astrid, yule aliyekuwa mke wa mfalme. Astrid akamwomba amkomboe. Lodin akakubali kwa sharti kwamba watafunga ndoa, akamlipia, akamrudisha nyumbani kwao. Na yule mtoto aliyeuzwa? Aliitwa Olaf, mwana wa Tryggve. Alikua, akabatizwa, akawa mfalme wa Norwei kuanzia 995, na ndiye aliyesukuma Ukristo katika nchi hiyo kwa nguvu, tena wakati mwingine kwa ukali ambao mimi siwezi kuutetea. Mama wa mfalme huyo mwinjilisti aliitwa Astrid.

Wa tatu nampenda zaidi, kwa sababu hakusimama juu ya jiwe wala hakusubiri kukombolewa. Aliongea. Alikuwa Astrid binti wa Olof, mfalme wa Uswidi, na aliolewa na Olaf Haraldsson, mfalme wa Norwei, yule ambaye kanisa linamwita Mtakatifu Olaf. Mumewe aliuawa katika vita vya Stiklestad mwaka 1030. Aliacha mtoto wa kiume, Magnus, ambaye Astrid hakumzaa. Mama yake alikuwa mwanamke mwingine. Magnus alipofika Uswidi akitaka msaada wa kuudai ufalme wa baba yake, Astrid alisimama mbele ya mkutano wa Waswidi akawahimiza wamuunge mkono mtoto wa kambo wake, na akaahidi mali yake mwenyewe kwa ajili hiyo. Sigvat, malenga wa ikulu ya mumewe, alitunga beti za kumsifu kwa hotuba ile. Magnus akawa mfalme wa Norwei mwaka 1035. Mama wa kambo namna hiyo hata kwetu angeimbiwa.

Denmark nao hawakubaki nyuma. Estrid, dada wa mfalme Knut Mkuu, alimzaa Svend aliyetawala Denmark kuanzia 1047 hadi 1076. Kwa desturi mtu aliitwa kwa jina la baba. Svend aliitwa Estridsen, mwana wa Estrid, kwa sababu haki yake ya kiti ilitoka kwa mama, na ukoo mzima wa wafalme waliofuata hadi karne ya 14 unaitwa kwa jina la mwanamke huyo.

Baada ya hapo jina likapoa. Kanisa lilipokwisha kujenga mizizi, watu walipenda majina ya watakatifu: Margareta, Kristina, Katarina, Anna, Birgitta. Estrid na Astrid hayakufa, ila yalikaa pembeni. Vijijini Norwei liliendelea kuwepo kama Astri, bila "d", na hata leo Wanorwei wengi wakisema Astrid hawaisikilizishi ile herufi ya mwisho.

Lilifufuka katika karne ya 19. Wakati huo nchi za kaskazini zilikuwa zinajitafuta upya. Watu walikuwa wanasoma tena simulizi za kale za Iceland, wachoraji wanachora mashujaa wa zamani, na wazazi wakaanza kuwapa watoto majina yaliyotoka kwenye kurasa hizo: Sigurd, Harald, Gudrun, Ingrid, Astrid. Uswidi, ambako watu walikuwa wamezoea Estrid, ile sura yenye "A" ya simulizi ndiyo iliyoshika. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Astrid lilikuwa mojawapo ya majina ya kawaida kabisa ya wasichana Uswidi na Norwei.

Katika kizazi hicho hicho walizaliwa wasichana wawili walioufanya ulimwengu ulijue jina hili, na mmoja wao ameacha alama karibu sana na nyumbani kwako.

Wa kwanza alizaliwa Stockholm tarehe 17 Novemba 1905, binti wa Prince Carl, mdogo wa mfalme Gustaf wa Tano. Mwaka 1926 aliolewa na Leopold, mrithi wa kiti cha Ubelgiji. Alikuwa Mlutheri kama wewe, na mwaka 1930 akajiunga na Kanisa Katoliki la nchi aliyoolewa. Wabelgiji walimpenda kwa sababu hakujitenga nao. Alionekana akisukuma kigari cha mtoto wake kama mama yeyote. Februari 1934 mumewe akawa mfalme, naye malkia. Haikupita hata miaka miwili. Tarehe 29 Agosti 1935 walikuwa mapumzikoni Uswisi, Leopold mwenyewe akiendesha gari, na karibu na Küssnacht, kando ya ziwa la Lucerne, gari likaacha barabara. Astrid alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 29. Aliacha watoto watatu. Wa kati alikuwa Baudouin, ambaye baadaye Wakongo walimpa jina la Bwana Kitoko alipowatembelea akiwa mfalme mwaka 1955, na ndiye aliyekuwepo Léopoldville siku Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Wa mwisho, Albert, hakuwa amefikisha hata mwaka mmoja na nusu mama yake alipofariki.

Ubelgiji iliomboleza kwa namna ambayo wazee wa huko waliisimulia hadi mwisho. Palichapishwa stempu zenye picha yake na ukingo mweusi. Viwanja na mitaa ikapewa jina lake. Ukishuka leo kwenye stesheni kuu ya treni ya Antwerp, uwanja ulio mbele yako ni wa Malkia Astrid.

Na jina hilo likafika Maziwa Makuu. Mji wa Butare, kusini mwa Rwanda, ulioko wilaya ya Huye siku hizi, Wabelgiji waliuita Astrida kwa heshima yake. Hapo ndipo ilipokuwa shule maarufu ya Mabruda wa Karidadi, Groupe Scolaire d'Astrida, iliyosomesha vijana wa Rwanda na Burundi waliotakiwa kuwa makarani, machifu na waganga wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Waliohitimu pale waliitwa Astridiens, na kuitwa hivyo kulikuwa cheo. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, mji ukarudishiwa jina la Butare, na ulistahili kurudishiwa. Lakini kwa watu, jina halikufutika: Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wapo akina mama wanaoitwa Astrida, wengi wao Wakatoliki wazuri tu. Uliza wazee wa Karagwe na Ngara waliokuwa na ndugu ng'ambo ya mto; huenda wakakutajia Astrida kabla hujamaliza swali.

Mwaka huo huo wa 1962, tarehe 5 Juni, wiki chache kabla mji haujaacha jina hilo, Albert yule mtoto aliyeachwa mchanga alipata binti. Akamwita Astrid, kwa jina la mama ambaye hakupata nafasi ya kumjua.

Msichana wa pili hakuzaliwa ikulu. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1907 kwenye shamba la kukodi la Näs, nje ya mji mdogo wa Vimmerby, mkoa wa Småland kusini mwa Uswidi. Wazazi walikuwa wakulima. Jina lake kamili la utotoni lilikuwa Astrid Anna Emilia Ericsson, na ulimwengu unamjua kwa jina la mumewe: Astrid Lindgren. Vitabu vyake vya watoto vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya mia moja. Mwaka 1978, akipokea tuzo ya amani Frankfurt, alitumia hotuba yake kuwaomba watu wazima waache kuwapiga watoto. Mwaka uliofuata Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kwa sheria adhabu ya viboko kwa watoto, hata nyumbani. Alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 94, na sura yake iko kwenye noti ya kroni 20. Mkweo amekua akisomewa vitabu vyake kitandani, sina shaka. Mswidi akisikia Astrid, mtu wa kwanza anayemjia akilini ni mama huyu, na hisia anayoipata ni ya upole na utoto wenye furaha.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la fasheni.

Astrid lilipanda mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likashuka. Kina mama wa Kiswidi waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 ni akina Birgitta, Kerstin, Margareta, Anita. Kwao Astrid lilikuwa jina la shangazi mzee. Ujerumani mambo yalikwenda tofauti: huko lilikuwa na msimu wake katikati ya karne, kwa hiyo Astrid wa Ujerumani leo kwa kawaida ni mama mtu mzima, si binti mdogo. Uswidi, kuanzia mwisho wa karne ya 20, likaanza kupanda tena, na katika miaka ya karibuni limekuwa likionekana kati ya majina kumi yanayopendwa zaidi kwa wasichana wanaozaliwa. Norwei na Denmark nako limerudi.

Kurudi huko kuna utaratibu wake, na watu wa takwimu za majina huko kaskazini wanaufahamu vizuri. Mzazi kijana halipendi jina la rika la mama yake, analiona limechakaa. La rika la bibi yake bado analiona la kizee. Lakini la bibi mzaa bibi, ambaye amemjua kwa picha tu au kwa kumkumbuka kidogo, linamjia likiwa safi. Kwa hiyo jina huchukua kama miaka mia kuzunguka. Ndiyo maana Astrid halikurudi peke yake. Limerudi na rika lake zima, akina Elsa, Alma, Ebba, Vera, Selma na Signe. Ukienda kumtembelea binti yako ukapita kwenye chekechea, utadhani umeingia kwenye kikao cha wazee wa mwaka 1910.

Fasheni ya jina lililotungwa jana hupita na kuliacha jina bila mtu wa kulitetea. Hili limeshapanda na kushuka mara kadhaa, na kila liliposhuka lilibaki jina la heshima. Mjukuu wako akifika miaka hamsini, huenda vijana wa wakati huo watasema Astrid ni jina la rika la mama zao. Hilo si aibu.

Wala usiogope kwamba atapotea katika umati wa akina Astrid. Uswidi katika miaka ya karibuni imekuwa ikizaa wasichana takriban elfu hamsini kwa mwaka, na hata jina linaloongoza hupewa chini ya elfu moja kati yao. Darasani anaweza kumkuta mwenzake mmoja, pengine asimkute kabisa.

Kuhusu kulitamka, Waswidi wanatia mkazo mwanzoni: A-strid, na "d" inasikika. Huko kwetu ndimi zitataka kuongeza irabu mwishoni, na wengi watasema Astrida, kama Wanyarwanda. Mimi sioni tatizo. Walatvia nao wanasema Astrīda, na Waaisilandi wanasema Ástríður. Ikiwa nyumbani mtataka kifupi, Waswidi wenyewe wana Asta, na hilo halimshindi mtoto wala bibi. Siku ya jina lake katika kalenda ya Uswidi ni tarehe 27 Novemba. Waswidi wengi humpigia mtu simu au kumtumia kadi siku hiyo, kwa hiyo iandike mahali.

Kanisani pia mambo ni mepesi. Kanisa la Uswidi ni la Kilutheri kama KKKT yenu, na halidai kwamba jina la ubatizo liwe la mtakatifu. Huko Kagera majina ya Kiswidi si mageni hata kidogo. Askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, akapokewa na Josiah Kibira mwaka 1964. Na nani Kagera hamjui Mama Barbro Johansson, aliyewasomesha wasichana Kashasha, akachukua uraia wa Tanzania na kukaa bungeni? Barbro ni Barbara kwa Kiswidi. Wazee wenu walilizoea jina hilo hadi likawa la nyumbani. Mkumbushe hilo mzee wa usharika, kwa adabu.

Mwisho ni jambo la vitendo, na hili ningependa umwambie binti yako mapema, kabla hajajifungua. Uswidi majina ya watoto husajiliwa na Skatteverket, ile ile mamlaka inayokusanya kodi, kwa sababu ndiyo inayotunza daftari la wakazi. Wazazi wanatakiwa kupeleka jina ndani ya miezi mitatu tangu mtoto azaliwe. Sheria inaruhusu majina ya kwanza zaidi ya moja, na wazazi wanaweza kuonyesha lipi ndilo la kuitwa kila siku. Majina ya kigeni hayakataliwi. Kinachokataliwa ni jina la kumdhalilisha au kumletea mtoto usumbufu.

Kwa hiyo hakuna haja ya kushindana na Astrid. Mwombe binti yako akuachie nafasi ya pili. Ongea na babu yake, chagueni jina la Kihaya mnaloona linamstahili, mliandike herufi kwa herufi kama mnavyotaka lionekane, na mlitume kwa ujumbe mapema, maana karani wa Göteborg ataandika kile kilichojazwa kwenye fomu na hatajua kama kuna "k" iliyokosekana. Mwelezeni mkweo maana yake pia, ili siku mtoto atakapouliza, baba awe na jibu kama mama. Kama mtapata jina linaloanza na Koku-, jaribuni kulitamka pamoja na Astrid kwa sauti kabla ya kulituma. Baadhi yanakwenda nalo vizuri sana.